Mahubiri ya Wapuritani: kitabu cha mitumba kinachomfaa mhubiri wa kijijini

Nimekinunua Kisumu kwa muuza vitabu vya mitumba, shilingi 400: jalada gumu, Kiingereza cha kale, mkusanyiko wa mahubiri ya Wapuritani wa Uingereza na Marekani, yaani Waprotestanti wa zamani waliotaka kulitakasa Kanisa la Uingereza. Mimi huhubiri katika kanisa la Friends, yaani Waquaker, huku Vihiga zamu yangu inapofika, na wahubiri wenzangu nawasihi mkitafute.

Dibaji inaanza na William Perkins wa Cambridge, ambaye mwaka 1592 aliandika kwa Kilatini namna ya kuhubiri. Soma andiko, lifafanue kwa Maandiko, toa fundisho, kisha ulifikishe kwenye maisha ya wanaokusikiliza. Hapo mwisho ndipo penye kazi. Perkins anataka ujue ni nani aliyeketi mbele yako: asiyejua kitu, anayejua lakini hajanyenyekea, aliyevunjika moyo, aliyeanguka. Kila mmoja ana neno lake. Kuonyesha Kigiriki na Kilatini mimbarani alikukataza. Kwetu mtu huweza kupiga kelele kwenye kipaza sauti hadi jasho limtoke, na mama aliyefiwa akarudi nyumbani hajaambiwa lolote. Jambo hilo huniuma sana.

Jonathan Edwards yumo pia, mrithi wao wa baadaye, na mahubiri ya Enfield, Connecticut, ya tarehe 8 Julai 1741. Andiko ni Kumbukumbu la Torati 32:35, penye miguu inayoteleza. Anasema aliyesimama kwenye utelezi hahitaji kusukumwa, uzito wake mwenyewe utamwangusha. Aliyewahi kushuka mlima wa huku kwetu baada ya mvua haulizi maana. Kisha anakuja buibui aliyeshikwa juu ya moto, mfano wa mwenye dhambi mkononi mwa Mungu. Watu walilia mpaka Edwards akalazimika kukatiza, naye hakuwa mtu wa kupaza sauti! Ila kwangu mimi hofu imezidi. Mlango wa rehema anaufungua karibu na mwisho, kwa maneno machache mno.

Hotuba ninayoipenda zaidi ni ya John Winthrop ya 1630, na yeye hata mchungaji hakuwa, alikuwa gavana wa koloni la Massachusetts. Anawaambia wahamiaji wafurahi pamoja, waomboleze pamoja, wabebeane mizigo, kwa kuwa watakuwa kama mji juu ya mlima. Nimeisoma kwa sauti nyumbani, nikairudia.

Dibaji ina kosa ambalo siwezi kulinyamazia. Inawasifu wahubiri hawa, lakini haisemi neno juu ya Mary Dyer, Mquaker aliyenyongwa na watawala Wapuritani wa Boston tarehe 1 Juni 1660, wala William Robinson na Marmaduke Stephenson walionyongwa mwaka uliotangulia. Mchungaji John Norton wa Boston aliandika kitabu kizima kuwapinga Waquaker. Sisi tuliopokea Injili kwa Friends waliofika Kaimosi mwaka 1902, hao ni wazee wetu. Ufundi ule ule wa kugusa dhamiri ulikuwako mjini siku kamba zilipofungwa, na msomaji anastahili kuambiwa.

Maandishi ni madogo, na gundi imekauka: kurasa za Winthrop zinachomoka. Ukikiona mahali, kifungue katikati kabla ya kulipa. Kama Kiingereza cha kale kinakusumbua, anza na Edwards, sentensi zake ni nyepesi kuliko za wengine.