Geji ya busti kwenye Mini Cooper S: inasema kweli, ila ujue inapima nini

Geji hii inapima busti, yaani presha ya hewa inayosukumwa kuingia kwenye injini. Yenyewe ni ya mshale, haina umeme isipokuwa wa taa, uso wake ni milimita 52 na haina jina la kampuni popote. Niliinunua Kirinyaga Road kwa shilingi 4,500, pamoja na paipu nyembamba ya plastiki, viungo vyake na kikombe cha kuisimamisha juu ya dashibodi. Muuzaji aliniuliza ni ya Subaru gani. Nairobi ukitamka busti, watu wanajua una Subaru. Nilipomwambia gari halina tabo, ile pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa ekzosi, bali lina supachaja, pampu ya hewa inayozungushwa na injini yenyewe, alinitazama kama nimemwomba spea za meli.

Nimekaa nayo sasa misimu ya jua na ya mvua, na nasema inunue. Ila kwanza uelewe ule mshale unakuonyesha kitu gani, maana vijiweni nasikia watu wakishindana kwa namba za busti kana kwamba ndizo nguvu za farasi.

Gari langu ni Mini Cooper S ya R53, zile za kabla ya 2007, injini ya lita 1.6 yenye supachaja ya Eaton M45. Hiyo 45 ni inchi za ujazo: kila ikizunguka mara moja inapitisha hewa kama mililita 740. Inavutwa na mkanda kutoka kwenye krenki, yaani mhimili mkuu wa injini, kwa hiyo injini ikienda mbio nayo inakwenda mbio, ikipoa inapoa. Aliyeniuzia gari alikuwa ameshafunga pulei ndogo, yaani lile gurudumu la mkanda la supachaja, pungufu ya ile ya kiwandani kwa asilimia 15, na hiyo inaongeza kasi ya supachaja kwa zaidi kidogo ya asilimia 17. Alibadilisha nozeli za mafuta, akaweka plagi za kustahimili joto zaidi, na gereji moja ya hapa mjini ikaandika upya ramani ya kompyuta, yaani maagizo yake ya mafuta na moto. Kwenye bahasha ya gari nilikuta karatasi imeandikwa kwa kalamu: busti 15 psi, yaani pauni kwa inchi ya mraba. Bila geji, karatasi hiyo ni ya kuamini tu.

Kuifunga kulikuwa na vituko. Kwenye R53, throto, yaani kile kilango kinachofunguka ukikanyaga mafuta, kiko kabla ya supachaja. Fundi wa kwanza alichukua tawi la paipu katikati ya throto na supachaja, kwa sababu ndipo palipokuwa karibu na mkono. Ukikanyaga mpaka chini mshale unafika sifuri na kugota hapo. Akaniambia geji ni mbovu. Fundi wa pili, wa Industrial Area, alicheka, akahamishia tawi kwenye manifoldi, baada ya intakula, yaani kipoza hewa, mahali ambapo hewa imeshasukumwa na iko mlangoni pa injini. Mshale ukaamka. Tatizo likabaki kwamba gari likiunguruma limesimama, mshale ulitetemeka hata husomi kitu. Bwana huyo alichukua jeti ya kabureta ya pikipiki, akaipenyeza ndani ya paipu ili hewa ipite kwa tundu dogo, mshale ukatulia. Sanduku la geji halina kitu kama hicho na maelezo yake hayakigusi.

Sasa kusoma. Injini ikiwa imezimwa, mshale uko sifuri. Ukiwasha unaruka upande wa chini, kwenye ombwe. Ukitembea taratibu barabarani bado unabaki chini ya sifuri, kwa kuwa kuna vali ya kupitishia hewa pembeni ambayo huirudisha hewa nyuma ya supachaja isifanye kazi ya bure. Ukikanyaga, vali inafunga na mshale unapanda hapohapo. Mtu aliyezoea tabo hushtuka, maana hakuna kusubiri.

Na hapo ndipo penye utamu wa somo lenyewe. Busti ni hewa iliyosukumwa ambayo injini bado haijaimeza. Ukifungua ekzosi ipumue vizuri, au ukiweka kamshafti inayoachia vali wazi zaidi, injini inameza zaidi na mshale unashuka, huku gari likiongeza mbio. Rafiki yangu mwenye R53 kama yangu alibadilisha ekzosi, akaona amepoteza psi moja, akarudi gereji kulalamika. Alikuwa ameongeza nguvu.

Kitu kingine, geji haijui joto. Supachaja za aina hii huipasha hewa sana zikizungushwa kwa kasi, na intakula ya R53 imelala juu ya injini, inapumua kupitia tundu la boneti. Kaa kwenye msongamano wa Thika Road saa nane mchana, kisha ukanyage: mshale unakwenda palepale pa asubuhi, lakini gari ni zito. Hewa ya moto ina presha ileile na uzito mdogo. Anayetaka kujua nguvu zimekwenda wapi afunge na kipimo cha joto la hewa inayoingia, au asome kwa skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari.

Lakini kilichonisumbua mwanzo ni ile 15 ya kwenye karatasi. Hapa Nairobi mshale ulifika 12, basi. Fundi akashuku mkanda unateleza, akaukagua, mzima. Akakagua vali ya pembeni, nzima. Jibu lilikuwa kwenye hewa. Nairobi iko mita kama 1,795 juu ya bahari, na hewa yetu ina presha kama psi 12, si 14.7 kama ya pwani. Supachaja haiongezi kiasi maalumu cha psi; inazidisha ile hewa inayoikuta. Yangu na pulei hii inazidisha karibu mara mbili. Mara mbili ya 12 ni 24. Geji inaondoa presha ya hewa ya nje, inakuonyesha 12. Mara mbili ya 14.7 ni kama 29. Ukitoa ya nje, unabaki na karibu 15. Karatasi haikudanganya, ilikuwa tu ya mtu wa usawa wa bahari.

Niliposhuka Mombasa nikaliona kwa macho. Mtito Andei mshale umeshapita 13, na ng'ambo ya Mariakani ukawa unagusa 15, gari lilelile, pulei ileile. Raha, ila raha yenye hatari. Injini inapokea hewa zaidi ya ile ya Nairobi kwa zaidi ya asilimia 20, na ramani iliyopimwa Nairobi haijawahi kufika huko juu. Skana ilionyesha kompyuta inachelewesha moto kila nikikanyaga gia ya tatu, maana yake sensa ilikuwa inasikia injini ikigonga, yaani mafuta yakilipuka vibaya ndani yake. Nikawa napeleka gari kwa adabu mpaka niliporudi, na gereji nyingine ikarekebisha sehemu hiyo ya ramani. Ukipeleka gari la supachaja kuandikwa ramani bara, muulize fundi swali moja: ukienda pwani itakuwaje? Akibabaika, ondoka.

Baadaye geji ililipa bei yake. Mshale wa 12 ukawa 9, taratibu, bila gari kutoa taa yoyote kwenye dashibodi. Tuliifungua intakula tukakuta mpira wa upande mmoja umepasuka chini, mahali usipoweza kuona bila kuutoa. Mipira hiyo kwenye R53 inajulikana kwa ugonjwa huu. Mpira mpya na klipu za chuma, mshale ukarudi 12.

Lawama zangu sasa. Taa yake ni ya buluu kali, usiku inaakisi kwenye kioo cha mbele. Nimeibandika karatasi ya rangi ya chungwa. Paipu ya plastiki ilikauka kwa joto la injini, nikaweka ya silikoni, shilingi mia chache tu. Alama zake zinaruka tano tano, kwa hiyo hiyo 12 yangu ni ya kukadiria kati ya 10 na 15. Na haikumbuki kilele; unatakiwa uitazame wakati uleule ambao macho yanatakiwa barabarani, jambo ambalo silipendi. Za dijitali zinakumbuka, na bei yake ni mara tatu au zaidi.

Walio Eldoret, kwenye mita kama 2,100, wasitafute hata hiyo 12 kwa pulei kama yangu. Itakuwa 11 na kitu. Walio Dar na Mombasa wataiona 15 yao. Naipa nyota nne, ya tano imekatwa na ile taa.