Ballistol kwenye bunduki ya pistoni ya gesi: inapofaa na isipofaa

Bunduki ya pistoni ya gesi ni ile ambayo gesi ya risasi inayofyatuliwa inasukuma pistoni, nayo inarudisha nyuma bolti, kile kipande kinachofunga nyuma ya mtutu. Ikitunzwa Dar, adui wa kwanza ni hewa ya bahari; masizi yanafuata. Ghala la silaha lililo Masaki au Kigamboni, hasa wakati wa masika, linahitaji mafuta yanayong'ang'ania chuma. Hapo Ballistol, mafuta ya Kijerumani yaliyoanza mwaka 1904, yanastahili sifa. Mafuta ya taa yanang'oa uchafu vizuri, lakini yanaacha chuma kitupu na kutu inaanza.

Ubora wake mkubwa ni kukubali maji. Risasi nyingi za zamani za Ulaya Mashariki zina fataki (kiwashio cha baruti kilicho kitakoni mwa risasi) zinazoacha chumvi ndani ya mtutu na kwenye njia ya gesi. Chumvi hiyo huvuta unyevu, na mafuta matupu hayaiyeyushi. Maji ndiyo yanayoiyeyusha. Changanya sehemu 1 ya Ballistol na 10 za maji, itageuka nyeupe kama maziwa. Pitisha kwa vitambaa kwenye mtutu, osha pistoni na silinda ya gesi, kisha kausha kabisa. Malizia mtutu kwa kitambaa chenye mafuta matupu.

Kabla ya yote hayo, toa magazini, vuta bolti nyuma, kagua chemba (mahali risasi inapokaa ikisubiri kufyatuliwa) kwa macho na kwa kidole. Risasi zikae chumba kingine.

Sasa kwenye pistoni, hapa tusidanganyane. Masizi ya kichwa cha pistoni yamechomwa mara nyingi hadi yakawa ukoko, na Ballistol ya kupuliza na kufuta papo hapo haiyabandui. Loweka kichwa hicho dakika 20 au zaidi, halafu sugua kwa brashi ya shaba. Brashi ya waya wa chuma na msasa viache kabisa: vinakwangua kromu, na mahali palipokwanguliwa ndipo masizi yanaposhika tena. Tundu la gesi, linalotoa gesi mtutuni kwenda kwenye pistoni, usilichokonoe kwa msumari wala kuchimba kwa drili. Likipanuka, gesi inazidi na bolti inapiga nyuma kwa nguvu kupita kiasi. Kwenye FAL, bunduki ya Kibelgiji, zungusha na kusafisha pia kirekebishi cha gesi, kinachopanga kiasi cha gesi inayofika kwenye pistoni, maana kikishikwa na masizi hakigeuki.

Kosa la watunza silaha wengi ni kupaka mafuta pistoni ikishasafishwa. Gesi ya moto inayaunguza yakawa masizi mapya, mazito kuliko ya awali. Matokeo yake pistoni inakuwa nzito, bolti hairudi nyuma vya kutosha, ganda linakwama au risasi inayofuata haichukuliwi. Wakati wa kutumika, pistoni na silinda viwe vikavu. Silaha ikiwekwa stoo miezi, utando mwembamba unaruhusiwa, ila ufutwe kabla ya kufyatua. Chemba nayo ikaushwe, na njia ya pini ya kufyatulia isilowe.

Kwenye reli za kibebea bolti, Ballistol ni nyepesi mno kwa joto letu, inatiririka. Grisi kidogo, kiasi cha punje ya mchele kila upande, inakaa vizuri zaidi.

Nunua chupa ya kumimina badala ya kopo la kupuliza. Kopo linalowesha kila kitu, pamoja na pistoni uliyotoka kuikausha, na gesi yake inashika moto. Chupa inakupa matone unayoyahesabu.