Uzoefu wangu: Fort Jesus na mitaa iliyo nyuma yake

Ngome yenyewe, iliyoko Mombasa, naipa nyota tano, Mji wa Kale ulio nyuma yake tatu.

Fedha ya umma iliyonifurahisha zaidi hapo ngomeni imekwenda mahali ambapo wageni wengi hawatazami: ukuta wa kuzuia mawimbi upande wa baharini. Wareno waliijenga Fort Jesus kati ya 1593 na 1596 juu ya mwamba wa matumbawe, na maji yalikuwa yakiula mwamba huo kwa chini. Msingi ukishatoboka, ukarabati wa juu ni kazi bure. Pita kwa nje uione kazi hiyo kabla hujaingia.

Kiingilio lipa kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni. Nenda asubuhi, maana uwanjani jua ni kali. Usikose Nyumba ya Omani kwenye buruji (mnara wa pembeni) la San Felipe, wala vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama hapo mbele mwaka 1697 ngome ikiwa imezingirwa.

Ukitoka na kushika Ndia Kuu, mtaa wa Mji wa Kale, ndipo moyo unaponiuma. Nyumba za huko ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Jiwe hilo hufyonza unyevu wenye chumvi, kisha huutoa kupitia lipu ya chokaa. Fundi akipiga saruji, unyevu hauna pa kutokea. Chumvi huganda nyuma ya lipu, jiwe humomonyoka, na vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani huoza. Kwa nje ukuta unaonekana mzima, mpaka siku dari inapoinama!

Tiba yake inajulikana. Saruji ibanduliwe yote, ukuta uachwe ukauke, kisha ipigwe lipu ya chokaa iliyolowekwa vizuri: sehemu moja kwa tatu za mchanga. Mchanga wa pwani usiooshwa kwa maji yasiyo ya chumvi unarudisha ugonjwa uleule. Tabaka ziwe nyembamba na zinyunyiziwe maji, kwani chokaa ikikauka haraka hupasuka. Gharama kubwa iko kwenye muda na fundi anayeijua kazi.

UNESCO iliitambua ngome kuwa urithi wa dunia mwaka 2011, lakini mgeni huyohuyo hushuka pia mitaani kutazama milango ya nakshi. Kwa hiyo bajeti ijayo ningeipeleka kwenye chokaa na mafunzo ya mafundi kabla ya taa na mabango, nikianza na nyumba zenye madoa meupe ya chumvi karibu na ardhi.