Mikutano mitano ya ushauri nasaha Chake Chake: tathmini ya mteja

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya ushauri nasaha kwa watu wenye wasiwasi wa kila siku, inayotolewa katika chumba kimoja cha kituo binafsi cha afya mjini Chake Chake, Pemba. Jina la kituo nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa ninayo malalamiko mawili ambayo nimekwisha kuyafikisha kwa wenyewe, na nia yangu si kuwaharibia kazi bali ni kuwaeleza wenzangu wanaolala na fikra na kuamka nazo kwamba huduma ya namna hii inafanya nini hasa, inamfaa nani na inatoza kiasi gani. Hukumu yangu naitoa mapema: inafaa, na sehemu yake yenye thamani kuliko zote ni ile inayomfundisha mtu kutenganisha jambo analoliweza na jambo asiloliweza, kisha ikampa kazi ya kufanya kwa kila moja.

Kwetu mtu akisema ana wasiwasi hujibiwa kwa maneno ya kumtuliza: amwachie Mungu, apunguze fikra, alale mapema. Maneno hayo hutoka kwa watu wenye mapenzi ya kweli, lakini hayamwelezi afanye nini saa nane ya usiku, moyo unapokwenda mbio, viganja vinapotoka jasho na usingizi umekwisha kukimbia. Kwa upande mwengine, huduma yoyote inayogusa akili watu huihusisha moja kwa moja na Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyopo Unguja, na hofu ya kuitwa mwendawazimu inatosha kumzuia mtu asiulize. Baina ya hayo mawili wapo watu wengi sana wanaofanya kazi zao, wanaolea watoto, wanaohudhuria harusi na maziko kama kawaida, na ambao hata hivyo hawana saa moja ya utulivu kwa siku. Huduma hii imewekwa kwa ajili yao, na mimi ni mmoja wao.

Utaratibu unaofuatwa haukubuniwa hapa. Ni mpango mfupi wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2016, wenye mikutano mitano ya ana kwa ana, mmoja kila wiki, na kila mkutano huchukua kiasi cha dakika 90. Uliandaliwa ili uweze kutolewa na mtu aliyepewa mafunzo na kusimamiwa vyema hata kama si daktari wala mwanasaikolojia, jambo lenye maana kubwa kwa kisiwa ambacho wataalamu wa fani hiyo ni wachache. Ulijaribiwa Peshawar nchini Pakistan na pia miongoni mwa wanawake wa Nairobi, Kenya, na katika sehemu zote mbili waliopitia mpango huo walipungukiwa na dhiki ya moyo kuliko waliopata huduma ya kawaida. Naitaja asili yake kwa sababu wapo wanaojiita washauri wakauza maneno matupu, na mteja ana haki ya kuuliza kabla ya kulipa: utaratibu wenu mmeutoa wapi?

Mkutano wa kwanza huanza kwa mwili. Muuguzi alinipima shinikizo la damu na kuniuliza kama nimepungua uzito, kama mikono inatetemeka na kama nahisi joto kuliko wenzangu, kwa kuwa tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi humletea mtu mapigo ya moyo ya kasi na wahaka unaofanana kabisa na wasiwasi, na upungufu wa damu nao huweza kuupeleka moyo mbio. Mwenye dalili hizo hupewa barua ya kwenda kupimwa damu Hospitali ya Chake Chake kabla ya kuendelea. Nimelipenda hilo, maana si kila moyo unaodunda unadunda kwa fikra.

Baada ya hapo huja maswali saba kuhusu wiki mbili zilizopita: ni mara ngapi mtu amejihisi mwenye roho juu, ni mara ngapi ameshindwa kuzuia wasiwasi wake, amekuwa mwepesi wa kukasirika kiasi gani, na mengine ya aina hiyo. Kila swali lina alama 0 mpaka 3, kwa hiyo jumla haizidi 21, na kuanzia alama 10 wasiwasi huhesabiwa kuwa wa kiasi cha kuhitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Kipimo hicho, kilichochapishwa mwaka 2006, kinatumika duniani kote. Mshauri alinisomea maswali kwa Kiswahili chepesi, akanisubiri nifikiri, wala hakunikimbiza. Vilevile alinitaka niseme kwa maneno yangu mwenyewe ni jambo gani linalonisumbua zaidi kuliko yote, akaliandika kama nilivyolisema.

Zoezi la kupumua taratibu sitalieleza kwa urefu, kwani wengi wamekwisha kulisikia. Mtu hukaa, hulegeza mabega, huvuta pumzi mpaka tumboni na kuitoa polepole, kwa dakika chache, kila siku. Jambo jipya kwangu lilikuwa sharti la kulifanya wakati nimetulia, ili mwili uwe umekwisha kulizoea siku ya dhiki itakapofika, kwa sababu mtu hawezi kujifunza kitu kigeni huku moyo wake unapiga kwa kishindo.

Mkutano wa pili ndio ulionifanya niandike tathmini hii. Mwanangu anasoma Unguja, na kila likizo huvuka kwa meli. Mtu wa Pemba wa rika langu hasikii habari ya safari ya usiku ila hukumbuka alfajiri ya tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama katika mkondo wa Nungwi ikija kwetu na abiria kupita uwezo wake. Na kabla mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Hofu yangu haikuwa ya kuzua, na mshauri hakuniambia kuwa ni ya kuzua. Alichukua karatasi, akaipiga mstari katikati, akasema: “Mama, bahari si kazi yako. Kazi yako ni siku ya safari, saa ya safari na ujumbe wa simu. Hayo matatu tuyaandike.”

Tukayaandika. Upande wa ninayoyaweza yaliingia mambo ya wazi: kijana asafiri mchana, tiketi isikatwe kabla hatujasikiliza tahadhari za upepo mkali na mawimbi zinazotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, hasa katika miezi ya kusi, akipanda aangalie maboya yako wapi, na atume ujumbe mmoja anapopanda na mmoja anaposhuka bandarini Mkoani. Upande wa pili uliingia uzito wa bahari wenyewe, ambao hakuna mzazi anayeweza kuupunguza kwa kukaa macho. Kisha likafuata sharti gumu: baina ya ujumbe wa kwanza na wa pili nisipige simu. Nilipouliza sababu, alinieleza kwamba kila ninapopiga na kusikia sauti yake hupata nafuu ya dakika chache, halafu wasiwasi hurudi ukiwa na njaa zaidi, kwa kuwa akili imejifunza kwamba usalama unatoka kwenye simu. Maelezo hayo yalinipa adabu ya kungoja ambayo nasaha za miaka mingi hazikuwahi kunipa.

Kwa yale yaliyobaki upande wa nisiyoyaweza, alinipangia muda maalumu wa wasiwasi. Nusu saa kila siku, pahala pamoja, baada ya sala ya alasiri na si karibu na kulala, nikae nifikiri yote yanayonitisha, ikiwezekana niyaandike; na wasiwasi ukija katika saa nyengine, niuahirishe mpaka muda wake ufike. Njia hiyo haimo katika mpango wa mikutano mitano, yeye ndiye aliyeiongeza, nayo ilielezwa na mtafiti Thomas Borkovec na wenzake huko Marekani mwaka 1983. Inaonekana kama jambo la ajabu kumwambia mwenye wasiwasi auwekee saa yake. Hata hivyo mara nyingi nilifika katika nusu saa hiyo nikakuta jambo lililonitesa asubuhi limekwisha kupungua uzito, na mengine nilikuwa nimeyasahau kabisa mpaka nilipoitazama karatasi.

Jambo la pili nililoliorodhesha lilikuwa karafuu za shamba la familia, zinazoanikwa katika kipindi ambacho mvua za vuli hunyesha bila ya kubisha hodi. Hapa mshauri alinitaka nitaje kila njia inayonijia, hata ile ninayoiona haina maana, bila ya kuikosoa kwanza. Zikatoka nyingi: kununua turubali, kuweka zamu ya kulinda majamvi, kuanika kidogo kidogo, kuomba sakafu ya jirani yenye paa, kuongeza watu wa kuchambua ili karafuu zisilundikane na makonyo yake. Tukachagua mbili, tukataja siku na mtu atakayehusika, na wiki iliyofuata aliniuliza zimefikia wapi. Mvua haikupungua kwa hilo, lakini nilikuwa na kitu cha kufanya mikono yangu badala ya kusimama ukumbini nikitazama mawingu.

Mkutano wa tatu unahusu kurudia shughuli ambazo mtu ameziacha kwa sababu ya fikra, kwa hatua ndogo na kwa siku zilizopangwa. Wa nne unahusu watu wa kumshika mkono, na wa tano ni wa kupitia yote na kujibu maswali saba upya. Wa nne niliuona mwepesi. Huku kwetu hatuna upungufu wa jamaa na majirani. Tatizo letu ni kwamba mtu anaogopa siri yake isije ikafika barazani kabla hajafika nyumbani, na kuhusu kumchagua wa kumwambia mshauri hakuwa na mengi. Alama zangu zilishuka mwishoni, na usingizi ulirudi kwa kiasi ninachoridhika nacho.

Mambo mawili aliyoyasema pembeni yanastahili kuwafikia wengi. La kwanza ni kahawa: nusu ya kichangamshi chake hubaki mwilini kwa takriban saa tano, kwa hiyo anayeinywa barazani saa mbili za usiku asishangae moyo kuwa macho saa saba. La pili ni vidonge vya diazepamu, ambavyo watu hupeana kama peremende. Mwili huvizoea ndani ya wiki chache, na kuviacha ghafla huleta wasiwasi mkubwa kuliko ule wa mwanzo na wakati mwengine hata degedege. Anayevitumia kila siku asiviache peke yake bali apunguziwe na daktari.

Wapo watakaouliza kama huduma hii inagongana na dini. Sikuona mgongano wowote. Mshauri ni binti wa hapa hapa, alipanga saa za mikutano kwa kuchunga sala, na nilipomweleza kwamba nasoma nyiradi kabla ya kulala aliziandika katika orodha ya mambo yanayonituliza na kunitaka niziendeleze. Anayepelekwa kwa sheikh kusomewa hakatazwi kwenda.

Sasa lawama zangu. Chumba kimetenganishwa na benchi la wanaosubiri kwa ukuta wa mbao nyembamba, na siku moja nikiwa kwenye benchi nilisikia kwa uwazi habari za ndoa ya mtu nisiyestahili kuzisikia. Katika mji mdogo kama Chake Chake hilo si dogo hata kidogo, kwa sababu huduma nzima inasimama juu ya uaminifu wa siri, na neno moja likivuja watu hawatarudi. Niliomba kusikilizwa mwisho wa foleni, benchi likiwa tupu, na nikakubaliwa, lakini mteja hapaswi kuomba. Lawama ya pili ni saa: mikutano yote ni ya asubuhi za siku za kazi, na hivyo walimu wa skuli, wafanyakazi wa ofisi na wachumaji wa karafuu wote wamefungiwa nje. Wanaume niliowakuta pale walikuwa wachache mno, nami naamini saa hizo ni sehemu ya sababu.

Malipo ni shilingi 5,000 za kufungulia jalada na shilingi 10,000 kwa kila mkutano, yaani shilingi 55,000 kwa mpango wote, na waliniruhusu kulipa kidogo kidogo. Huduma hii haimfai mtu mwenye fikra za kujidhuru au anayesikia na kuona mambo ambayo wengine hawayaoni. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, iwe Chake Chake, Wete au Abdalla Mzee Mkoani, na asiachwe peke yake njiani. Kwa mwenye wasiwasi wa kawaida uliokwisha kumla usingizi, naipendekeza kwa moyo mkunjufu, kwa sharti kwamba akifika aulize kwanza juu ya ukuta ule, na aombe saa ambayo benchi halina watu.