Walinifungia redio nzuri, wakaniachia mluzi: uzoefu wangu na duka moja la Kariakoo

Kama una mpango wa kubadilisha redio ya gari na kuongeza amplifaya na sabufa, soma hii kabla hujampa mtu hela yako. Naandika nikiwa bado na hasira, mtaniwia radhi.

Gari langu ni Toyota IST. Redio iliyokuja nayo kutoka Japani inaishia 90 kwenye FM, kwa hiyo stesheni nyingi za hapa huzipati. Nikaona bora nibadilishe kila kitu: redio mpya, amplifaya, na sabufa ndogo ya kwenye buti. Duka silitaji jina. Bei zao ni nzuri, hilo nalisema kwa haki, na vifaa walivyonipa havina kasoro. Injini ikiwa imezimwa muziki ni mtamu kupita kiasi, besi imetulia, mwimbaji unamsikia mpaka anapovuta pumzi. Siku ya kwanza niliwasifia kwa ndugu na marafiki.

Balaa linaanza ukiwasha injini. Kunatoka mluzi mwembamba kwenye spika, kama mbu aliyeingia sikioni. Ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unashuka. Punguza sauti ya redio mpaka sifuri, mluzi uko palepale. Kwenye foleni ya Ubungo, unasogea unasimama, unasogea unasimama, na wenyewe unapanda na kushuka na wewe. Nimefika mahali naizima redio niliyoilipia ili kichwa kipumzike.

Nikawarudia. Fundi aliyefunga hakuja hata kusikiliza. Kijana wa kaunta, macho kwenye simu, akaniambia, "Dada, hiyo altaneta yako imechoka. Gari za mtumba ndivyo zilivyo." Akaniuzia filta, kidude cha kuzuia kelele. Ikafungwa kwenye waya wa moto nyuma ya redio, na mluzi haukupungua hata chembe. Nikarudi tena kulalamika, na hapo ndipo aliponipa jibu ambalo mpaka leo linanichoma: "Dada, mwambie shemeji aje, tutaelewana naye." Shemeji gani? Gari ni langu, kadi ina jina langu, hela imetoka kwenye pochi yangu mbele ya macho yake. Wateja waliokuwepo wakacheka. Alipokuwa anapokea hela yangu hakumuulizia shemeji.

Jirani akanielekeza kwa fundi umeme mmoja wa Mwenge, mtu mzima, ana kibanda tu chini ya mti. Nilimwamkia, nikamweleza, akasema, "Marahaba mwanangu, hebu washa gari nisikie." Alisikiliza kwanza! Akachukua mita, akaipima betri huku injini inanguruma: volti 14 na kidogo, yaani altaneta inachaji vizuri. Akageuza mita kwenye AC, kwa sababu altaneta huzalisha umeme wa AC, ule wa kwenda na kurudi, na daiodi zake ndizo zinazougeuza kuwa DC, ule wa njia moja kama wa betri. Daiodi ikifa, mabaki ya AC yanavuja na mita inayaonyesha. Kwangu hakukuwa na kitu cha maana. Altaneta ni nzima, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuulizia bei ya nyingine.

Kisha akachomoa nyaya za RCA, zile zinazopeleka muziki kutoka kwenye redio, kwenye amplifaya. Kimya. Akazirudisha, mluzi ukarudi. "Amplifaya haina shida," akasema, "kelele inapitia kwenye nyaya hizi. Tuione ethi." Akafunua kapeti la buti, na hapo niliona kwa macho yangu: waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kupitia bodi ya gari, umebanwa kwa skrubu ya mbao, juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Ethi ya amplifaya ikiwa mbovu namna hiyo, umeme unatafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri, unapita kwenye RCA mpaka kwenye ethi ya redio, na kelele ya altaneta inaingia pamoja na muziki. Mzee alikwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akafunga kwa bolti na washa yenye meno, akapaka grisi kuzuia kutu. Mluzi ukabaki kwa mbali sana. Ndipo akagundua kwamba RCA na waya mkubwa wa betri vimefungwa pamoja kwa tepu, upande mmoja wa gari, toka mbele mpaka nyuma. Akaihamishia RCA upande wa pili. Kimya kabisa. Na malipo yake hayakufika hata bei ya ile filta.

Nilitaka kumalizia hapa, niseme vifaa kanunue kwao, kufunga kafungie kwingine. Lakini kuna jambo mzee alinionyesha mwishoni, na kila nikilikumbuka napata joto. Fyuzi ya waya mkubwa wameiweka kule nyuma, jirani na amplifaya, badala ya jirani na betri. Na pale waya unapopenya kutoka kwenye injini kuingia ndani, hawakuweka mpira, umelala kwenye ukingo wa bati tupu. Siku ganda likikwanguka, waya ukagusa bodi, hakuna fyuzi ya kukata chochote, unawaka wote. Watoto wangu hukaa kiti cha nyuma, huo waya unapita chini ya miguu yao. Kwa hiyo ile sifa ya bei nzuri naifuta. Msiende. Hata kununua spika tupu, msiende.

Filta yao nimeitoa, nitawarudishia na nitadai hela yangu.

Wewe popote utakapofungiwa, usiondoke kabla injini haijawashwa. Weka sauti sifuri, kanyaga mafuta, sikiliza. Halafu fungua boneti, ufuate ule waya mkubwa kutoka kwenye betri. Usipoona fyuzi hapo karibu, waambie waiweke ukiwa umesimama unaangalia.