Ziara ya misheni ya Bagamoyo na dogo wa kutembeza wageni: nyota 4, ya tano nimeibana

Nyota 4 kati ya 5. Misheni yenyewe naipa zote, hiyo moja nimembana dogo aliyetutembeza na sababu nitaitaja. Naandika hii kwa ajili ya wale wanaouliza kila wiki kwenye magrupu ya kwaya na vijana "jamani wikiendi twende wapi pasipo na disko", nendeni Bagamoyo, koosta zinapakia pale Makumbusho, Bunju, Mapinga, Kerege, kama kilomita 70 hivi na umefika.

Ila kwenye koosta tukapata mhubiri. Mnawajua. Anapanda na biblia na begi, anaomba kwa sauti, akimaliza anatoa chupa za mafuta. Huyu wetu alikuwa na madaraja kabisa, ukitoa buku unaombewa kwa jumla, buku kumi unaombewa kwa jina, mwenye elfu hamsini nafsi yake inafunguliwa hadi vizazi saba. Shemeji yangu ambaye alikaa seminari miaka kadhaa kabla hajamuoa dada yangu (walimpoteza, sisi tukampata) akaninong'oneza, shem fungua Kutoka 30. Nikafungua kwenye simu. Mungu anamwambia Musa kila anayehesabiwa atoe nusu shekeli kwa ajili ya nafsi yake, tajiri asizidishe na maskini asipunguze. Yaani nusu shekeli kwa mwenye ng'ombe mia na nusu shekeli kwa asiye na kuku. Nikamwangalia mhubiri na daraja lake la elfu hamsini, nikaangalia dirishani.

Basi tumefika, tukamchukua dogo pale mjini atutembeze. Kabla ya kuanza kagombana kidogo na bei maana kwanza alidhani shemeji anatoka nje kwa sababu ya kofia na miwani, akataja bei ya wageni, tulipoongea Kiswahili ikashuka zaidi ya nusu. Sina shida sana na hilo, ndo utalii ulivyo, ila kumbukeni hiyo ya bei kufuata sura ya mtu maana inarudi huko mbele.

Misheni iko nje kidogo ya mji, unaingilia kwenye njia ya miembe mikubwa ya zamani, kivuli chake peke yake kinatosha kukutoa Dar. Mapadre wa Roho Mtakatifu, wengi Wafaransa, walihamia hapa 1868 wakitokea Zanzibar, kiongozi wao Padre Antoine Horner, na wakaanzisha kijiji cha watu waliotolewa utumwani. Ukifika unaona mnara wa kanisa la zamani, kanisa jipya lililojengwa 1910 hadi 1914, makumbusho, makaburi ya mapadre na masista waliokufa bado vijana kwa homa, na kule ufukweni msalaba wa kumbukumbu ya kufika kwao. Ndo maana 2018 maaskofu wa nchi nzima walikuja kufunga jubilei ya miaka 150 hapa hapa. Mi ni Mlutheri na bado nilitembea pale taratibu.

Sasa dogo. Ana sauti, ana vichekesho, anajua kukusimamisha mahali penye kivuli, lakini anatia chumvi jamani. Kuna mbuyu pale una kipande cha mnyororo kimemezwa na gome, akatuambia hapo ndo walifungwa watumwa maelfu. Misheni wenyewe wanaeleza ni mnyororo wa kufungia punda wa mama mmoja aliyekuwa akihudumia hapo. Akatuambia Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi wa Kiskoti, kazikwa chini ya ule mnara. Hapana! Mwili wake ulilala hapo usiku mmoja tu Februari 1874, ukavushwa Zanzibar, na kaburi lake liko Westminster Abbey London, moyo wenyewe ulizikwa Chitambo huko Zambia alikofia 1873. Akatuambia watumwa wote wa Afrika Mashariki walipitia Bagamoyo, wakati bandari kubwa ya watumwa upande wa bara ilikuwa Kilwa, Bagamoyo ilibeba zaidi pembe za ndovu na wapagazi, ingawa watumwa nao walipita na kuuzwa, hilo halina ubishi. Historia ya hapa inauma vya kutosha bila kuongezewa, na mtoto wa shule akija kugundua ya punda ataanza kutilia shaka na yale ya kweli. Hiyo ndo nyota niliyobana.

Lakini sifa yake pia nampa. Kwenye ule mnara alisema kitu hakikuwa kwenye kitabu chochote nilichosoma, kwamba waliobeba maiti ya yule mzee kutoka Chitambo mpaka pwani, safari ya miezi, wengine walishawahi kuwa na bei. Ni kweli, nimehakikisha. Mmoja wao aliyeitwa Chuma alitolewa kwenye msafara wa watumwa akiwa kijana 1861, na Jacob Wainwright naye alikuwa mtumwa kabla ya kukombolewa na kusomeshwa India, na ndiye aliyesafiri na jeneza mpaka Uingereza. Watu waliowahi kupangiwa bei sokoni ndo walioona maiti ya mtu haifai kutupwa porini.

Tukaingia makumbusho. Ukiangalia pingu kwenye picha na ukiziangalia mbele yako ni mambo mawili tofauti, mi nilikaa kimya na shemeji akakaa kimya mpaka dogo akadhani tumechoka. Bei ya mtu ilifuata umri, afya, meno, mwanamke au mwanaume. Kichwani kwangu ikaja Kutoka 21, pale ng'ombe akimpiga pembe mtumwa wa mtu, mwenye ng'ombe amlipe bwana wa mtumwa shekeli 30 za fedha. Halafu Mathayo 26 Yuda anapewa ngapi? 30. Nimesikia mahubiri ya Ijumaa Kuu tangu utoto na sikumbuki mchungaji aliyetuambia wazi kwamba makuhani walimlipia Yesu bei ya mtumwa aliyeuawa na ng'ombe.

Na hapa ndo shemeji alianza kunisumbua, akaendelea mpaka kwenye chakula. Chakula sitaki kukizungumza sana, mgahawa mmoja karibu na soko la samaki, wali wa nazi mzuri, pweza mzuri, ila pweza alikuja tumeshamaliza wali. Nusu saa hiyo ya kumsubiri ndo tulibishana.

Mnajua zile hela za kuwatoa watoto utumwani zilitoka wapi? Sehemu kubwa zilikuwa sadaka kutoka Ulaya, na nyingine zilitoka kwa watoto, kupitia chama cha Utoto Mtakatifu kilichoanzishwa Ufaransa 1843, ndo huu huu mpwa wangu anaimba nao parokiani kila Jumapili. Mtoto wa Kifaransa anatoa senti, padre anaenda sokoni Zanzibar, anamnunua mtoto wa Kiyao au Kinyasa, anarudi naye. Baadaye Sultani Barghash aliposaini mkataba wa Juni 1873 soko likafungwa, wengi wakaletwa na manowari za Waingereza zilizokamata majahazi. Swali la shemeji: ile hela aliipokea nani? Mwuza watu. Sasa umemkomboa mtoto au umempa mfanyabiashara mtaji wa kwenda kuteka wengine wawili?

Wenzao wa wakati ule waliwalaumu hivyo hivyo, siyo swali la leo. Mi nikasema wewe ungefanyaje, mtoto yuko mbele yako na hela iko mfukoni, unamwachia kwa sababu ya kanuni ya uchumi? Akacheka akasema, hapo umegusa ugomvi wa karne ya 4.

Akanisimulia, na mi nilikuwa sijui kabisa. Gregori wa Nisa, askofu wa karne hiyo, alihubiri dhidi ya utumwa wenyewe, siyo ukatili wa mabwana tu, kitu ambacho karibu hakuna aliyethubutu zamani zile. Anamuuliza mwenye watumwa, umelipa kiasi gani kwa sura ya Mungu? Hoja yake kwa kifupi ni kwamba Mungu alimpa mtu dunia yote aitawale, kwa hiyo anayetaka kumnunua mtu inabidi alipie na dunia yote, na hata hiyo haitoshi, kwa sababu Yesu alishauliza kwenye Marko 8 itamfaidia mtu nini kuupata ulimwengu wote akipata hasara ya nafsi yake. Nilimwambia rudia. Akarudia.

Halafu huyo huyo Gregori akafundisha kwamba Kristo alitolewa fidia kwa shetani, maana shetani ndo alikuwa ametushika. Rafiki yake Gregori wa Nazianzo akakataa katakata, jambazi alipwe fidia, tena alipwe Mungu mwenyewe? Aibu! Karne ya 11 Anselmo, askofu mkuu wa Canterbury Uingereza, akasema deni halikuwa la shetani hata kidogo, lilikuwa kwa Mungu. Makanisa mpaka leo hayajakubaliana bei ilikwenda kwa nani, yanakubaliana tu kwamba ililipwa na kwamba haikuwa fedha wala dhahabu, Petro wa kwanza sura ya 1, ni damu. Zaburi 49 inasema mtu hawezi kumkomboa ndugu yake, fidia ya nafsi ni ghali mno. Kwa hiyo, shemeji anasema, padre Horner na riale zake hakununua nafsi ya mtu, alinunua muda tu, mtoto asipande jahazi leo.

Mi nikamjibu, muda huo mbona wameutumia wenyewe? Maana kijiji cha uhuru kilikuwa na kengele ya kuamka, kengele ya sala, kengele ya shamba. Waliokombolewa walilima mashamba ya misheni, waliozwa kwa mpango wa misheni, na wengine waliondoka walipoweza. Paulo anawaambia Wakorintho mlinunuliwa kwa thamani, msiwe watumwa wa wanadamu, na sidhani kama aliweka mwanya kwa mwanadamu mwenye kanzu. Shemeji alinyamaza kidogo. Akasema kweli, lakini hao hao waliondoka na majina yao, na vitabu vya ubatizo viliandika mtu mmoja mmoja, kule sokoni wangeandikwa idadi. Hapo na mi nikanyamaza. Pweza akaja.

Utumwa kisheria Tanganyika ulifutwa 1922, wakati ule mnara una miaka hamsini. Mtu aliyebatizwa pale akiwa mtoto angeweza kuzeeka kabisa kabla sheria haijakubaliana na ubatizo wake, na hili dogo hakulisema, ingawa ndo kitu ningelipia.

Kwa vitendo sasa. Vijana wa kwaya mkienda nendeni Jumamosi, Jumapili asubuhi kanisani kuna misa na si vizuri kuzunguka na simu juu mkipiga video. Makaburini msikae juu ya mawe kupiga selfi, nimewaona wenzenu. Bebeni hela taslimu. Elewaneni bei na mtembezaji kabla hamjaondoka mjini, na ongeeni Kiswahili tangu salamu. Chakula agizeni kabla ya kuanza ziara, siyo baada, ila mkiwa na mtu wa seminari kwenye msafara basi agizeni mkifika mezani, hamtaona muda ukienda.