Tahadhari Nakuru: betri ya sola iliyoandikwa 200 na ndani haifiki 70

Ndugu zangu wafugaji, na nyote mnaotafuta betri za sola au za inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa stima) hapa mjini, naomba mnisome kabla hamjatoa pesa. Kuna betri nyeusi yenye lebo ya buluu, imeandikwa 12V 200Ah kwa tarakimu kubwa, yaani volti 12 na ampea-saa 200, ambazo ndizo kiasi cha umeme inachodai kubeba. Nilinunua moja kwa Sh18,500. Ndani ina uwezo wa karibu theluthi moja ya namba hiyo, na usiku mmoja tu ilinigharimu mayai 193. Duka silitaji hapa kwa sababu nimeshapeleka malalamiko na sitaki kuyaharibu, lakini betri yenyewe nitaieleza vizuri ili uitambue ukiiona.

Mimi hutotolesha vifaranga vya kienyeji huku Bahati. Mashine yangu inabeba mayai 264. Mvua ikianza stima hupotea, na mara nyingine hairudi hadi asubuhi, kwa hiyo fundi alinishauri niweke inveta na betri. Tulikaa chini tukapiga hesabu. Usiku wa baridi, hita na feni hula wati 180 hivi. Ukipitisha umeme huo kwenye inveta, ambayo nayo hula chake, betri ya volti 12 inatoa ampea 17 au 18 mfululizo. Betri za risasi, hizi za kawaida zenye sahani za risasi na asidi, hazitaki kuteremshwa chini ya nusu mara kwa mara, maana zinazeeka upesi. Nusu ya ampea-saa 200 ni 100, na 100 ukigawanya kwa 18 unapata zaidi ya saa tano. Tukakubaliana kwamba betri ya 200 inatosha, na siku stima ikichelewa sana ningeiacha iteremke zaidi kwa dharura.

Dukani kijana aliniambia, "Mama, hii ni ya jeli, haitaki kuongezwa maji, unaweka unasahau." Maduka mengine yalikuwa yameniambia Sh32,000 na kuendelea. Akachukua multimita, akanionyesha volti 12.9. Akaunganisha taa ya gari, ikawaka ikametameta. Mimi nikaridhika. Nilipolipa kwa M-Pesa, jina lililotokea kwenye simu halikuwa la duka, na risiti iliandikwa "betri 1", bila namba ya betri, bila aina. Nililiona hilo nikalipuuza. Leo ningegeuka nikaondoka.

Hiyo 12.9 naomba tuielewe vizuri, kwa sababu ndiyo inayotuangusha wengi. Volti ni kimo cha maji mtungini. Kinakuonyesha maji yamefika wapi, hakikuonyeshi mtungi una upana gani. Betri ndogo ya pikipiki ikijaa nayo inasoma 12.7 au 12.8, na nayo inawasha taa ya gari vizuri kabisa kwa dakika mbili.

Mwezi wa kwanza mambo yalikwenda sawa, maana stima ilipotea mara chache, nusu saa hapa, saa moja pale. Siku moja tu ndiyo betri ilikwisha hadi inveta ikapiga kelele. Stima iliporudi nikaangalia inajazwa: inveta yangu huchaji kwa ampea 15, na baada ya saa sita taa ya kijani ikawaka, imejaa. Nilifurahi sana, nikamwambia hata mume wangu kwamba tumepata betri inayojaa upesi. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Ampea 15 kwa saa sita, hata ukichukulia hazikupungua kabisa njiani, ni ampea-saa 90. Betri ya kweli ya 200 ikiwa imeisha chaji ingehitaji zaidi ya saa 14 kwa chaja hiyo, kwa sababu mwisho mwisho betri ya risasi hupokea umeme polepole. Ikiwa betri yako kubwa inajaa haraka kuliko hesabu, na chaja ni ndogo, basi ile betri si kubwa.

Usiku wenyewe ulikuwa wa mvua. Mayai yalikuwa siku ya 18, tumetoka kuyahamishia kwenye trei za chini za kutotolea. Siku hiyo ukipitisha tochi unaona yai lote jeusi, limebaki tu lile pengo la hewa upande mpana, na ukituliza mkono unahisi kifaranga akisogea. Stima ilipotea saa nne na dakika ishirini. Nikasikia inveta ikishika, nikaangalia joto, 37.5, nikaenda kulala. Mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba king'ora cha inveta hatukukisikia. Niliamka saa kumi na moja alfajiri nikakuta mashine kimya, feni imesimama, kioo cha mlango kikavu na baridi, kipimo kinasoma 25. Inveta huandika muda iliozima: saa saba kasoro dakika kumi. Yaani betri ilidumu kwa muda wa saa mbili na nusu tu. Si saa tano, na wala si saa kumi, ambazo betri ya 200 ingeweza kufika kwa mzigo ule ukiiacha iishe kabisa. Kati ya mayai 264, walitoka 71. Wengine walikuwa wameshaanza kutoboa wakafia humo humo.

Nilirudi dukani na betri kwenye boda. Kijana kwanza akasema nimeiunguza kwa chaji kali. Nikamwambia chaja yangu ni ya ampea 15. Akageuza maneno papo hapo: basi chaji ni hafifu, betri haijawahi kujaa, na dawa yake ni chaja anayouza yeye ya ampea 60, Sh9,000, "inajaza kwa saa mbili". Watu wengi hushindwa hapa, kwa sababu hawajui betri inataka kuchajiwa kwa kasi gani, na muuzaji anajua hawajui.

Betri ya risasi yenye maji huchajiwa vizuri kwa takriban asilimia 10 ya uwezo wake, au juu kidogo ya hapo. Ya risasi ya jeli, ambayo asidi yake imegandishwa, asilimia 10 hadi 20. Kwa betri ya 200 hiyo ni ampea 20 hadi 40, kwa hiyo ampea 15 zangu zilikuwa polepole kidogo lakini haziwezi kuunguza kitu. Ni kweli kwamba betri isiyojazwa kikamilifu kwa miezi mingi huota ukoko wa salfeti kwenye sahani zake na kupoteza nguvu, lakini yangu ilikaa kwenye stima siku zote na taa ya kijani ikiwaka. Sasa chukua uwezo wake wa kweli, kama 65 (nitaeleza chini ulivyopimwa). Ampea 15 ni asilimia 23 ya 65. Yaani hata chaja yangu ya upole ilikuwa inaipita kiwango, kwa sababu tu lebo ilinidanganya. Na zile ampea 60 zake zingekuwa karibu sawa na uwezo wote wa betri kwa saa moja. Betri ya jeli ukiilazimisha hivyo inapata moto, inatoa gesi, jeli inaota mapovu yasiyoziba tena, na kwa kuwa imefungwa huwezi kuiongezea maji. Inafura mbavu. Tena ikishafura, kijana anakuonyesha mbavu zake na kusema, si nilikwambia umeiharibu?

Fundi wangu aliipima kwa njia ambayo mtu yeyote anaweza kuiiga. Aliijaza, akaiacha ipumzike usiku kucha, halafu akaunganisha balbu mbili za taa za mbele za gari, za wati 55 kila moja. Mita ya kubana waya ikasoma ampea 9 na kitu. Kila nusu saa aliandika volti kwenye daftari la shule la mwanangu. Betri ya 200 iliyopimwa kwa saa 20 ina maana moja tu: inatoa ampea 10 kwa saa 20 kabla volti hazijashuka hadi 10.5. Yangu ilifika 10.5 baada ya saa sita na nusu. Zidisha mwenyewe.

Kisha tukaenda kwa jirani mwenye kinu cha posho tukaipima kwenye mizani ya magunia. Kilo 34. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 200 huwa kilo 55 hadi 65, kwa sababu umeme huo unakaa kwenye risasi na risasi ni nzito, hakuna ufundi wa kuipunguza. Duka lilipokataa katakata kunirudishia pesa, fundi alivaa glavu na miwani akaikata kifuniko, jirani akirekodi kwa simu. (Usifanye hivi nyumbani, asidi na risasi si vitu vya kuchezea mbele ya watoto.) Ndani ya lile kasha refu kulikuwa na betri nyingine ndogo, yenye lebo iliyokwanguliwa, imeunganishwa kwa nyaya hadi kwenye vichwa vya nje. Nafasi iliyobaki ilijazwa sementi. Sementi, jamani, yenye kokoto ndani yake. Kwa hiyo hata mizani peke yake haitoshi, maana mtu akiongeza zege uzito unapanda. Ikiwa nyepesi ni ya uongo kwa hakika, lakini ikiwa nzito bado uipime kwa mzigo.

Siyo kila namba kubwa ni wizi wa aina hii. Wapo wanaouza betri halisi lakini wanaandika uwezo wa saa 100, yaani ukiinyonya kidogo kidogo kwa siku nne. Betri ile ile ukiitumia kwa saa 10 uwezo unapungua, na tofauti inaweza kukaribia robo. Ndiyo sababu karibu na Ah kunatakiwa kuwe na C10, C20 au C100, yaani uwezo umepimwa kwa saa 10, 20 au 100. Betri ikinyonywa kwa nguvu hutoa kidogo kuliko ikinyonywa taratibu, na mimi mwenye hita nainyonya kwa nguvu. Uliza ni C ngapi. Muuzaji wa kweli atakuonyesha jedwali la kiwanda. Yule wangu, nilipomuuliza siku ya pili, alisema C ni "China".

Kuhusu lithiamu, nitasema machache. Betri halisi ya fosfeti ya chuma, volti 12.8 na ampea-saa 100, ina uzito wa kilo 10 hadi 13 hivi. Ukipewa ya kilo tatu, rudisha. Uliza pia saketi yake ya ulinzi inaruhusu ampea ngapi kutoka: inveta ikivuta wati 1,000 inahitaji karibu ampea 90, na ikiwa saketi imewekwa 30 itazima kila mara hata betri ikiwa imejaa. Na zile seli ndogo za tochi zilizoandikwa 9900mAh, zenye umbo la kidole, nzuri kabisa ya aina hiyo hufika 3500 hivi. Usinunue.

Ukitaka kununua ya risasi, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti aina, namba ya betri, uwezo na C yake, na kwamba utairudisha ndani ya siku saba ikishindwa jaribio la ampea 20 kwa saa 10 kwa betri ya 200 ya C10. Akikataa kuandika, umeshapata jibu. Ile namba ya kibali iliyo chini ya alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango, unaweza kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 ukaona imepewa bidhaa gani. Fundi wa sola naye anatakiwa awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi, muombe uione. Na kama umeshaibiwa kama mimi, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai hadi Sh1,000,000 na huhitaji wakili. Mimi nina video, daftari la volti, ujumbe wa M-Pesa na lile kasha lenye sementi, nimelifunika kwa gunia kwenye stoo.

Alama za betri hiyo: kasha jeusi, lebo ya buluu yenye picha ya jua, vishikio viwili vya kamba ya manjano, na hakuna tarehe ya kutengenezwa popote. Ukiigonga kwa kidole upande mmoja inatoa sauti ya kitu kitupu, upande mwingine inatoa sauti ya ukuta. Kama unayo ya namna hii, Njoro, Molo, Subukia, Gilgil, popote, usiikate na usitupe risiti. Piga picha ya lebo na ya mizani, niandikie, tuwasilishe pamoja. Juzi mpwa wangu alipita mbele ya duka. Zilikuwa nne zimepangwa mlangoni, na bei imeshuka hadi Sh16,000.